Uhakiki wa muziki wa Gangs of Wasseypur: nianzie wapi?

KandaMbili

Wakuu, salaam.

Naandaa uhakiki wa muziki wa Gangs of Wasseypur, sehemu zote mbili (2012), kwa ajili ya kipindi cha redio cha filamu za Kihindi. Muda ni dakika 25, na nyimbo zinachezwa vipande vifupi tu, kwa hiyo maneno ndiyo yatabeba kazi. Hadithi yenyewe haina shida: Dhanbad, makaa ya mawe, koo mbili zinazowindana kizazi hadi kizazi. Kinachosumbua ni muziki.

Kwanza, kuna nyimbo zimejaa kwenye albamu lakini kwenye filamu zinapita kidogo tu. Kinachohakikiwa ni albamu au filamu? Pili, Kihindi cha sinema za kawaida kinaeleweka, ila humu nusu ya maneno yanapita juu. Tatu, baadhi ya sauti zinasikika kama zimerekodiwa uani, zinakwaruza, pumzi zinasikika. Mtu anajuaje kama ni makusudi au ni uzembe wa fundi? Nne, kila mahali linatajwa jina la Sneha Khanwalkar. Muziki wote ni wake?

Naomba majibu ya kina, yale ya "sikiliza tu kwa moyo" tuyaache.

---

FunguLaSauti

Mkuu, nianze na swali la nne, maana ukikosea hapo hata uhakiki mzuri unaonekana wa mtu aliyesoma jalada nusu.

Nyimbo nyingi ni za Sneha Khanwalkar. "Ik Bagal" ni ya Piyush Mishra, ambaye pia ameandika mashairi ya baadhi ya nyimbo, na ndiye anayeigiza Nasir, yule mzee anayesimulia hadithi. Kwa hiyo sauti inayokusimulia filamu ndiyo hiyohiyo inayokuimbia mwezi na mikate. Hilo litaje hewani, watu wengi hawalijui. Mshairi wa pili ni Varun Grover. Halafu kuna muziki wa chini, ule usio na maneno unaopita nyuma ya maongezi na risasi: huo ni wa G. V. Prakash Kumar, mtunzi wa sinema za Kitamil. Ukisema "Khanwalkar ametisha kwenye ile sehemu ya ala inapopanda taratibu" wakati ala ni ya Prakash Kumar, umempa mtu sifa ya mwenzake. Na kuna mafundi waliochanganya sauti ya mwisho, Alok De, Sinoy Joseph na Shreejesh Nair, ambao walipata Tuzo ya Taifa ya Filamu ya India kwa kazi hiyohiyo. Usiwaache nje, kwa sababu swali lako la tatu linawahusu wao pia.

Sasa albamu au filamu. Humu kuna tabaka tatu, nazo zisichanganywe. La kwanza ni nyimbo za albamu. La pili ni muziki wa chini. La tatu ni muziki wa kuazima, ambao albamu haina kabisa: televisheni, redio, bendi ya harusi, nyimbo za sinema za zamani zinazoimbwa na wahusika. Watu wanalisahau hili la tatu, ilhali ndilo linalofungua filamu. Kitu cha kwanza unachosikia si ngoma ya dholak wala bunduki, ni tamthilia ya Kyunki Saas Bhi Kabhi Bahu Thi kwenye televisheni, familia tajiri inakukaribisha kwa tabasamu, kisha risasi zinaanza. Anurag Kashyap, mwongozaji, ameshakuonyesha hapo namna muziki utakavyotumika kwa saa tano zinazofuata: utamu unawekwa palepale damu inapotaka kumwagika. Vilevile msikilize mwimbaji wa kukodiwa anayeigizwa na Yashpal Sharma, anayeitwa kwenye harusi na kwenye msiba, na kote anaimba nyimbo za sinema kwa madoido yaleyale. Ukimruka huyo, uhakiki wako una pengo.

Namna ya kufanya kazi. Kila sehemu ni kama dakika 160, kwa hiyo usijaribu kuzimaliza kwa kikao kimoja. Baada ya dakika 40 sikio linachoka na unaanza kuandika "wimbo mzuri" kila mstari. Gawa vipande vya dakika 40. Chukua daftari, chora safu tano: dakika na sekunde muziki unapoingia, unapotoka, ni tabaka gani kati ya hizo tatu, wahusika wanausikia au ni sisi tu, na jambo gani linatokea kwenye picha wakati huo. Safu ya nne ndiyo muhimu kuliko zote. Muziki unaotoka kwenye redio ya chumbani ni mali ya mhusika. Muziki unaotoka hewani ni maoni ya mwongozaji juu ya mhusika. Humu ndani mpaka huo unavukwa makusudi, na hapo ndipo kuna cha kuzungumza.

Ukishajaza daftari, chagua matukio matano au sita urudie kwa njia mbili: picha bila sauti, kisha sauti bila picha. Tukio la kuanzia ni mwisho wa sehemu ya kwanza. Sardar Khan, yaani Manoj Bajpayee, amepigwa risasi ndani ya gari kwenye kituo cha mafuta. Anatoka na bastola mkononi, anayumba, anaangukia mkokoteni, na mkokoteni unateleza naye. Juu yake inapigwa "Jiya Tu", na mwimbaji ni Manoj Tiwari, nyota wa nyimbo na sinema za Kibhojpuri ambaye miaka miwili baadaye aliingia bungeni. Maneno yake yanamtakia mwana wa Bihar, jimbo la mashariki mwa India, aishi miaka elfu, na anayeombewa umri huo amebakiza dakika. Zima sauti utaona mtu anakufa. Iwashe, utaona sherehe. Kisha fanya jaribio moja: zima sauti ya filamu, pigisha "Keh Ke Lunga" kutoka kwenye albamu juu ya picha hizohizo. Tukio litageuka kuwa la kisasi cha kawaida, zito, kama filamu nyingine mia. Jaribio hilo likishakuingia akilini, uhakiki unaanza kujiandika.

Kwa hiyo jibu langu: hakiki filamu, na albamu uitumie kama ushahidi. Wimbo uliopita kidogo kwenye filamu lakini ni mzima kwenye albamu, utaje kwa hali hiyo, usijifanye umeusikia wote kwenye picha.

---

BintiKibokoni

Nakubaliana na aliyetangulia. Mimi nashika swali la lugha.

Usitafute tafsiri ya neno kwa neno, ndugu yangu, itakupoteza. Nyimbo hizi zinachanganya Kihindi cha mtaani, lugha ya Kibhojpuri, ladha ya Kimagahi (zote za Bihar), na maneno ya Kiingereza yaliyopewa mikia ya Kibihari. Varun Grover amefanya hivyo makusudi kwenye "O Womaniya" na "Frustiao Nahi Moora". Hiyo ya pili inambembeleza mtu asivunjike moyo, lakini kwa maneno ya kizungu kilichovunjwa, hivyo faraja inakuja na kicheko ndani yake. Hewani inatosha kusema hivyo kwa sentensi moja ukaendelea.

Cha kushughulikia zaidi ni aina ya wimbo. Uliza kila mara: kijijini huu ungeimbwa wapi, na nani, kwa nani? Harusi za Bihar zina nyimbo za wanawake za kutania na kutukana kwa raha, wanaimba kumchokoza bwana harusi na watu wake, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. "O Womaniya", walioimba Khushboo Raj na Rekha Jha, imesimama hapo. Hata "Taar Bijli Se Patle" ya sehemu ya pili imesimama hapo: mke analalamika mumewe amekonda kuliko waya wa umeme, ubeti unavyosonga unagundua kinachosemwa ni siasa na umaskini wa mkoa mzima. Msikilizaji wa pwani mwambie ni mipasho, atakuelewa papo hapo, wala huna haja ya kuongeza kitu. Na aliyeimba ni Sharda Sinha, sauti ambayo Bihar nzima inaifungamanisha na sikukuu ya Chhath. Alifariki Novemba 2024. Kumweka mwimbaji wa heshima kiasi hicho kwenye filamu ya wauaji kuna uzito wake: ni sauti ya nyumbani, ya mama, ndani ya nyumba ambayo wanaume wake wanauana.

"Keh Ke Lunga" ina tatizo jingine. Maandishi ya chini ya picha huwa yanaipunguza makali. Ni kiapo cha kisasi na ni tusi la kitandani kwa wakati mmoja: nitakutenda, na nitakuambia kabla sijakutenda. Ndiyo siasa yote ya Sardar Khan dhidi ya adui yake Ramadhir Singh, hataki kumuua haraka, anataka amle taratibu huku anajua. Redioni huwezi kusema tusi, lakini ukisema "ni wimbo wa ushujaa" umeongopa. Sema ina maana mbili na moja haisemeki mchana, watu wazima wataelewa.

Halafu "Humni Ke Chhodi Ke", anayoimba kijana Deepak Kumar kwa sauti ya juu, nyembamba. Huo ni wimbo wa anayeachwa: mpenzi ameondoka, mji umebaki mtupu. Kilio hicho ni cha zamani sana kwa Wabhojpuri kwa sababu wanaume wao wameenda kutafuta kazi mbali kwa vizazi vingi, Kolkata, migodini, na ng'ambo. Bhikhari Thakur (1887–1971), mtunzi wa michezo wa Kibhojpuri, alikuwa na mchezo wa jukwaani mashuhuri juu ya jambo hilohilo. Ukikosa historia hii utasema ni wimbo wa mapenzi tu, basi.

Na hapo ndipo "Hunter" inapoingia. Watu wanaichukulia kama kichekesho, Kiingereza cha ajabu na bunduki yenye maana mbili. Kumbe Khanwalkar alikwenda Trinidad. Meli ya kwanza ya vibarua wa mkataba kutoka India, Fatel Razack, ilifika huko tarehe 30 Mei 1845, na mfumo uliisha 1917. Wengi wao walitoka sehemu ambazo leo ni Uttar Pradesh na Bihar, wakaenda na nyimbo zao za harusi. Huko zikakutana na midundo ya Karibiani, ukazaliwa muziki wa chutney: dholak, kinanda cha mkono, na dhantal, nondo ya chuma inayogongwa kwa kipande kilichopindwa kama kwato. Vedesh Sokoo anayeimba "Hunter" ni wa huko. Kwa hiyo wimbo huo ni jamaa aliyeondoka miaka mingi, amerudi akiwa na lafudhi ngeni, na filamu imempa kiti sebuleni.

Tahadhari moja: usiwaambie wasikilizaji kwamba ni "kama Wahindi wetu wa reli". Vibarua wa reli ya Uganda wengi walitoka Punjab. Ni historia nyingine na muziki mwingine.

---

KandaMbili

Aisee, shukrani sana. Hiyo safu ya nne ya daftari na hilo la mipasho nimeyachukua.

Bado swali la sauti. Nilichonacho ni nakala iliyotafsiriwa na DJ, anayesimulia juu ya filamu, na nyimbo za kupakua. "O Womaniya" kwenye simu inasikika haina besi kabisa, na "Bhaiyaa" inasikika kama kelele ya watu wengi. Niandike hivyo?

---

SpikaMoja

Usiandike hivyo bado. Ulichokielezea ni hitilafu ya vifaa.

Nakala ya DJ ni burudani halali kabisa, lakini haifai kwa kazi hii. Msimuliaji akizungumza, sauti ya filamu inashushwa ili yeye asikike, na muziki wa chini ndio wa kwanza kuzama. Mara nyingi nyimbo zinakatwa kabisa ili kuokoa muda. Huwezi kuhukumu mchanganyo wa sauti ambao umechanganywa upya na mtu mwingine. Tafuta nakala ya asili yenye maandishi ya chini, hata kama ni ya kukodi kwa siku moja.

Nyimbo: usichukue sauti kutoka kwenye video za nyimbo, nyingi zimeingiziwa maongezi na milio ya filamu, na urefu wake umekatwa. Chukua albamu yenyewe kutoka kwenye huduma ya kusikiliza, ubora wa juu. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde kwa kawaida inakata kila kitu kilicho juu ya kilohezi 16 hivi, na kabla ya hapo inachafua milio mikali, makofi, matoazi, kuguswa kwa chuma. Kwenye "Hunter" na kwenye nyimbo zenye makofi ya wanawake utasikia kitu kama maji yanayochuruzika nyuma ya mdundo. Hiyo ni faili, wala haikutoka kwa mwanamuziki. Kilobiti 320 inatosha.

Besi ya "O Womaniya". Dholak ina nyuso mbili. Uso mdogo unatoa mlio mkali, uso mkubwa umepakwa lami kwa ndani na mkono unaposukumwa juu yake unatoa mguno unaoteleza. Mguno huo uko chini, kwenye hezi mia na kitu kushuka. Spika ya simu haifiki huko, inakupa mlio mkali peke yake, ndiyo maana unasikia "tak tak" bila "ghuu". Vaa hedifoni za kufunika sikio. Huna? Spika ya redio ya kawaida yenye koni ya inchi 4 au 5 itakuonyesha tofauti. Sikiliza mguno unavyotangulia kidogo kabla ya sauti ya mwimbaji kuingia, hapo ndipo wimbo unapochezeka.

Jinsi ya kutenganisha ukwaruzo wa makusudi na uzembe: angalia mambo haya. Pumzi, mikohozi midogo, sauti inayopanda juu kidogo ya noti kisha ikashuka, chumba kinachosikika nyuma: hayo ni ya mwimbaji na mahali, na humu yameachwa makusudi. Sauti inayopasuka kila silabi kubwa ikifika, tena palepale kila mara, hiyo ni kipimo kilichozidishwa wakati wa kurekodi. Sauti ya mwimbaji inayopotea ala zikiingia ni mchanganyo mbaya. Kwa kipimo hicho, "Bhaiyaa" iko salama. Albamu imewaandika waimbaji kuwa Wamusahar wa Sundarpur, yaani kundi la watu wa tabaka la chini kabisa la Bihar, na wanaimba kwa pamoja kama wanavyoimba wakiwa wao. Sikiliza kwa hedifoni, utaweza kuhesabu mtu wa kushoto na wa kulia. Kwenye simu yenye spika moja wote wanasongamana katikati, ndipo unaposikia kelele.

Jingine ambalo wahakiki wengi wanaangukia: ukilinganisha nyimbo mbili, sawazisha sauti kwanza. Tofauti ndogo tu ya kiwango inatosha kufanya ule wenye sauti kubwa uonekane bora. "Jiya Tu" ina sauti kubwa kuliko "Kaala Rey". Ukizicheza mfululizo bila kugusa kitufe utasema ya pili ni dhaifu, wakati ni wimbo wa kunong'ona ambao Khanwalkar anauimba mwenyewe, karibu na kipaza sauti, na kazi yake ni kukusogeza karibu. Pandisha, kisha useme.

---

MpingaMkumbo

Naona watu wanamwaga sifa tu. Mhakiki awe na jicho la pili.

Albamu hizi mbili ni ndefu kupita mahitaji. Kuna "Womaniya" ya studio na ya moja kwa moja, kuna "Keh Ke Lunga" halafu "Loonga Loonga", kuna "Moora" kwa sura zaidi ya moja. Kwenye filamu marudio hayo yana sababu, kwa sababu hadithi inarudia visasi vilevile. Kwenye albamu yanachosha. Mtu anayesikiliza bila picha atafika katikati akaanza kuruka, na hilo si kosa lake.

Pili, "Hunter". Historia ya Trinidad aliyoeleza dada hapo juu ni ya kweli na ni tamu, lakini hakuna mtu ndani ya ile hadithi anayeweza kuwa anausikia wimbo huo. Ni ujanja wa mwongozaji. Unachekesha, halafu unaanza kukuambia "tazama nilivyo mjanja". Kwa ladha yangu kuna sehemu kicheko kinapunguza uzito wa mauaji badala ya kuuongeza.

Tatu, na hili lisemwe: sauti zenye nguvu zaidi humu ni za wanawake, wakati filamu yenyewe ni ya wanaume na bunduki zao. Durga, aliyeimba "Chhi Chha Leather", alikuwa mtoto anayeimba kwenye treni za Mumbai. Wahakiki wengi wanaishia "Khanwalkar alimgundua". Mtaje mwimbaji kwanza, mtunzi baadaye. Sauti ile kavu inayorushwa kama mtu anayeita abiria imetoka kwenye koo la Durga, haikutoka kwenye kompyuta ya studio.

---

BintiKibokoni

Kwenye marudio nakuunga mkono. Kwenye "Hunter" hapana. Wahusika karibu wote wanaishi kwa kuiga sinema, Faizal, mtoto wa Sardar, anajiona ni Amitabh Bachchan, na Ramadhir Singh anasema waziwazi kwamba amedumu hai kwa sababu haangalii sinema. Filamu ya watu wanaojiigiza inaweza kubeba wimbo unaojionyesha. Lakini kicheko kinapozidi kwako, kiandike hivyo, KandaMbili anahitaji sauti mbili kwenye kipindi.

---

KandaMbili

Haya wakuu, aya ya kwanza hii hapa, ikosoeni:

"Katika Gangs of Wasseypur, mtunzi Sneha Khanwalkar ametumia muziki wa asili wa Wasseypur kuonyesha uhalisia wa maisha ya mitaa hiyo ya Bihar. Midundo mizito yenye giza inakwenda sambamba na damu inayomwagika, na kila wimbo unatufanya tuhisi maumivu ya wahusika."

Pia, nikiwa na nafasi ya vipande vitatu tu vya sekunde 20, nichague vipi?

---

FunguLaSauti

Aya imeandikwa vizuri lakini karibu kila sentensi ina shimo.

"Muziki wa asili wa Wasseypur": hapana. Wasseypur ni mtaa wa Dhanbad, na eneo la Dhanbad lina lugha yake ya Khortha. Nyimbo hizi zimekusanywa kutoka Bihar ya Kibhojpuri na Kimagahi, Trinidad, na treni za Mumbai. Andika "muziki uliokusanywa mbali na kwingi, ukaletwa Wasseypur". "Mitaa ya Bihar": Dhanbad ilikuwa Bihar mpaka Novemba 2000, Jharkhand ilipoundwa. Hadithi inaanza miaka ya 1940 na kuvuka mwaka huo, kwa hiyo ukitaja mkoa, taja na wakati. Ndiyo maana "Jiya Tu" inaweza kumwita Sardar mwana wa Bihar bila kukosea.

"Midundo mizito yenye giza": iko wapi? Nyimbo nyingi ni za kuchezeka. Hilo ndilo jambo lenyewe la kusema, na aya yako imesema kinyume. Ugumu wa filamu hii unatoka kwenye sauti zisizopigwa pasi na kwenye furaha iliyowekwa mahali pasipostahili furaha. "Kaala Rey" ndiyo inayokaribia giza, nayo inafika hapo kwa kunong'ona. "Kila wimbo unatufanya tuhisi maumivu": futa. Tukio la mkokoteni linakufanya utake kucheza, halafu ujishangae.

Na ongeza majina: Piyush Mishra, Varun Grover, G. V. Prakash Kumar. Yanachukua sekunde kumi kuyasema.

Vipande: cha kwanza "Jiya Tu", chukua kiitikio chenye ile dua ya miaka elfu, lakini ulieleze tukio la kituo cha mafuta kabla ya kukicheza. Ukilieleza baadaye, msikilizaji ameshausikia kama wimbo wa sherehe. Cha pili "Taar Bijli Se Patle", anzia pale Sharda Sinha anapoingia. Cha tatu, kama unataka ubishi wa MpingaMkumbo hewani, weka "Hunter". Kama unataka utulivu, weka "Ik Bagal", sauti ya Mishra ilivyo mbichi.

---

SpikaMoja

Kabla hujarusha, shusha "Jiya Tu" iwe sawa kwa sikio na hivyo viwili vingine, na umpe fundi wa zamu faili za albamu, asivute sauti kutoka kwenye video. Kila kipande kianzie mwanzoni mwa mstari wa shairi na kishuke taratibu kwa sekunde mbili. Ukikata katikati ya mguno wa dholak, redioni inasikika kama mtambo umekwama.